Gunia kutoka Kivukoni

Ngo. Ngo. Ngo.

Bangili za fedha ziligonga juu ya ukuta mara tatu, nikajua maziwa yamefika. Jua lilikuwa halijatoka. Ua wa Kantilal ulikuwa bado na kijivu cha alfajiri, nami nilisimama katikati yake kifua wazi, rungu mbili za mninga mikononi, jasho likinishuka mpaka kwenye kikoi.

"Mia na arobaini," ilisema sauti nyuma ya ukuta. "Umebakisha sitini."

"Leo sifikishi mia mbili. Kantilal kaniambia nitunze nguvu."

"Kantilal ndiye anayekuhesabia?"

"Wewe ndiye."

"Basi sitini."

Nikainua rungu tena. Nilizipitisha nyuma ya kichwa, moja ikipanda nyingine ikishuka, na Zeina binti Sheikhan akahesabu upande wa pili kwa sauti ya chini, kama anayefundisha mtoto. Alipofika mia mbili, mkono wenye hina ulitokea juu ya ukuta ukashusha birika dogo la shaba kwa kamba. Mkono ule ndio wote niliokuwa nao. Mkono, sauti, na macho mawili niliyoyaona mara moja.

Miezi sita nilikuwa nampenda mwanamke nisiyemjua uso.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikaa kwenye baraza ya duka la nguo la Kantilal, pale Mchafukoge, nikishona makoti na magauni mchana kutwa, na kichwani nikitunga mashairi. Hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe, kwa vidole vya mkono wangu, na nilikuwa na kiburi nalo jambo hilo kuliko mtu mwenye nyumba ya mawe. Siku moja Geeta, mke wa Kantilal, alimleta binti wa jirani kupima gauni. Alikuwa ndani ya buibui, ushungi umemfunika, macho tu yako nje. Nilikuwa nanong'ona beti huku nakata kitambaa.

"Huo mstari umezidi," alisema yule binti.

"Umezidi nini?"

"Mizani. Una tisa. Hesabu."

Nusura nirushe mkasi. Nilimwambia kwamba nguo ndizo zilizomleta, si elimu yake. Alicheka, akaenda zake. Usiku nyumbani kwetu Kariakoo nilihesabu kwa vidole. Ulikuwa na tisa. Nikajua nimekwisha.

Mama yangu mdogo, Bi Mwanamize, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, alikwenda kunipelekea posa pamoja na mshenga. Bwana Sheikhan, baba yake Zeina, aliwapokea dukani kwake, katikati ya magunia ya mchele na makanda ya tende, mbele ya wateja. Wakati huo mimi nilikuwa mifupa na kikohozi. Asubuhi yangu ilikuwa kahawa na sigara, mchana vitumbua viwili, usiku kahawa tena. Nilidhani ndivyo mtunzi anavyotakiwa kuishi.

"Yule anayekohoa barazani kwa Kantilal?" Bwana Sheikhan aliuliza. "Yule nikimpuliza ataanguka. Mwambieni hivi: siku atakayobeba gunia la mchele toka Kivukoni mpaka mlangoni kwangu asilitue njiani, aje, nitamwoza binti yangu."

Watu wakacheka. Mama mdogo alirudi nyumbani analia. Mimi sikulia. Mimi nilimkamata kwa neno lake.

Siku ileile nilivunja sigara zangu mbele ya Kantilal nikamwambia, "Nifundishe."

Kantilal alikuwa na miaka hamsini na shingo kama ya ng'ombe wa gari. Kila alfajiri alifanya mazoezi nyuma ya duka lake, kama baba yake na babu yake walivyofanya, akiwa na rungu zake, jiwe la kusagia lililovunjika, na mfuko wa mchanga. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Mwili huu hauna kitu ndani," alisema. "Kwanza tutaujaza. Baadaye tutaupiga."

Akaniwekea sheria. Kahawa basi. Vya kukaanga basi. Dengu zilowekwe toka jioni, nizile asubuhi zikianza kuchipua. Mchicha kila siku. Samaki wa kuchemsha, lakini nimle kwetu, kwa sababu kwake hailiwi nyama wala samaki.

"Na mayai?"

"Mayai kale kwenu, na usinihadithie."

Mama mdogo aliposikia alipiga kofi. "Mchicha na dengu mbichi! Nimelea binadamu au nimelea punda wa Mzungu?" Lakini kila asubuhi alikwenda sokoni Kariakoo mwenyewe kunichagulia mchicha mchanga na mayai ya kienyeji.

Wiki ya kwanza nilitapika. Wiki ya pili sikuweza kuinua mkasi. Wiki ya tatu nilimwambia Kantilal kwamba naacha, na ndipo sauti iliposema kutoka upande wa pili wa ukuta, "Jana ulifika ishirini na tisa. Leo fika thelathini, halafu uache."

Ua wa Kantilal na ua wa Bwana Sheikhan zilitenganishwa na ukuta mmoja. Sikuwa nalijua hilo.

Nilifika thelathini. Sikuacha. Tangu siku ile alinihesabia, na kila alfajiri akanipitishia maziwa ya mbuzi wa mama yake. Mimi nami nilimshonea majibu ndani ya pindo la magauni, karatasi zilizokunjwa mara nne. Ya mwisho ilikuwa hii:

*Mkono u ukutani, ndio wote nilopata,*
*Uso wako siuoni, hata ndotoni wapita,*
*Gunia li mabegani, miguu yangu yasita,*
*Nihesabie mwandani, usiache kuniita.*

"Umehesabu?" nilimwuliza.

"Nane na nane, kila mstari. Unajifunza."

Basi alfajiri ile, nilipomaliza maziwa, nilisimama karibu na ukuta mpaka nikasikia anavyopumua.

"Zahoro," alisema. "Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitazitupa rungu za Kantilal baharini, nirudie kahawa na sigara zangu, nikohoe mpaka nife. Mambo mafupi."

Nilikuwa natania. Yeye hakucheka.

"Usinifanyie mzaha wa kufa. Nyumba yetu haiupendi."

"Kwa nini?"

"Mama alikuwa na mtoto wa kwanza, mwanamume. Kaka yangu Abdulla. Alikufa mchanga, kabla mimi sijazaliwa. Mpaka leo jina lake likitajwa mama anaacha kula." Nenda. Usilitue."

"Sitalitua."

"Nitakuwa nyuma ya pazia la duka. Nitakuona mimi kwanza."

Mchele ulikuwa umefika Kivukoni jana yake. Makuli walikuwa wameshapata habari. Mji mzima wa chini ulikuwa umeshapata. Msimamizi wao, Onesphory, jitu refu lenye sauti ya ngoma, alinipokea kwa kicheko.

"Fundi! Umekuja kupima magunia suruali?"

"Nimekuja kuchukua moja."

"Hili lina ratili mia mbili. Halishonwi, linabebwa."

"Nipandishie, acha maneno."

Nilivua shati nikalifunga kiunoni kama wao. Nadhani hawakutegemea kuona nilichokuwa nacho. Onesphory aliniwekea ngata begani, akawaita wawili, wakanipandishia gunia juu ya mgongo. Magoti yalitaka kuvunjika. Nikayakaza.

"Usitazame mbali," Onesphory alisema karibu na sikio langu, na sasa hakuwa anacheka. "Tazama hatua mbili mbele. Ukitazama mbali, utalitua."

Nikaenda. Nilihesabu kwa sauti yake Zeina. Nilipita kanisa lenye mnara bado nikiwa na pumzi. Kwenye mia nne mabega yaliwaka moto. Kwenye mia saba sikuwa na mabega. Watu walitoka madukani. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba fundi wa Kantilal amerukwa na akili, mwingine akamjibu kwamba akili kaiacha nyuma ya pazia la Mwarabu, wakacheka, nami nikawatukana kimoyomoyo kwa sababu mdomo ulikuwa hauna nafasi. Onesphory na makuli wake watatu walinifuata nyuma. Hawakunigusa. Kwenye elfu na mia mbili niliona damu, nikajua ni mdomo wangu, nimeuuma.

Mchafukoge. Baraza ya Kantilal. Kantilal mwenyewe amesimama, mikono kichwani. Geeta analia waziwazi. Hatua chache zaidi. Mlango wa Bwana Sheikhan.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha ukindu na kanzu safi. Alisimama pole pole.

"Tua," alisema.

"Situi."

"Umefika. Tua, kijana."

"Sema kwanza. Ulisema mbele ya watu, malizia mbele ya watu."

Makuli wakaguna kwa raha. Bwana Sheikhan alinitazama machoni, na kwa mara ya kwanza sikuona dharau. Niliona mtu mzima aliyeshikwa na neno lake, na ambaye ana heshima ya kutolikimbia.

"Nilisema nitakuoza Zeina," alisema kwa sauti. "Namwoza. Wote mmesikia. Leteni shekhe kesho."

Ndipo nilipoliachia gunia. Lilianguka kizingitini kwa kishindo, vumbi likaruka, na barabara nzima ikalipuka kwa kelele. Onesphory alinikumbatia na jasho langu lote. Nyuma ya pazia nilisikia bangili zikigongana, haraka haraka, kama mtu anayepiga makofi kwa siri.

"Ingia ndani unywe maji," alisema Bwana Sheikhan. "Huwezi kukaa nje kama kuli. Sasa u mtu wa nyumba hii."

Nikaingia. Nilikaa kwenye mkeka kifua wazi, shati bado kiunoni. Pazia likasogezwa, akaingia Bi Mauza, mama yake Zeina, ushungi umefunika nusu ya uso, kata ya maji mkononi. Aliinama kunipa.

Kata ikamwanguka.

Maji yalinimwagikia mapajani. Nilidhani ni uzee wa mkono. Lakini alikuwa anatazama chini ya mtulinga wangu wa kushoto, kwenye alama tatu za moto, zimepangwa kama mafiga. Nimekuwa nazo tangu nipate akili. Siku zote nilizificha ndani ya kanzu, pamoja na mbavu zangu. Toka nianze mazoezi kifua kilikuwa kimejaa, nazo zimetanuka, zinaonekana wazi.

"Nani alikuchoma hizi?" aliuliza.

"Sijui, mama. Naambiwa nilikuwa mchanga, nikapata kichomi, mganga akanichoma."

"Mama yako ni nani?"

"Bi Mwanamize, wa Kariakoo. Unamjua, alileta posa."

"Sikuuliza aliyekulea. Nauliza aliyekuzaa."

"Tatu binti Kombo. Alikufa mwaka wa homa ile kubwa, vita vilipokuwa vinakwisha. Baba alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi."

Bi Mauza akaketi chini, pale pale kwenye maji.

"Mauza?" alisema mumewe. "Una nini?"

"Wewe ulikuwa Unguja mwaka ule, Bwana. Hukuwepo." Alisema pole pole, akinitazama mimi. "Tulikuwa tunakaa Gerezani, nyumba moja na Tatu, ukumbi katikati. Homa ilipoingia, Abdulla wangu alikufa Jumatatu. Tatu alikufa Alhamisi. Kitoto chake kilikuwa kinalia mchana na usiku, kina kichomi, hakuna wa kukishika, kila mtu ana maiti wake. Na mimi maziwa yalikuwa yananitoka. Yananitoka tu, na mwanangu yuko kaburini." Alijifuta uso kwa ukingo wa ushungi. "Mganga alipomchoma, mimi ndiye niliyemshika. Alama tatu hivi. Nikamweka kifuani. Akanyonya."

Nje makuli walikuwa bado wanaimba.

"Mara ngapi?" Bwana Sheikhan aliuliza. Hakuna Mwislamu katika mji ule asiyejua kwa nini aliuliza. Mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano akashiba, huyo ni mwanawe, na watoto wake wote ni ndugu zake, na ndugu haoi ndugu.

"Mara ngapi, Mauza? Fikiri sana kabla hujajibu."

Nilimwona anafikiri. Nilimwona pia anageuza macho kwenye pazia, ambako bangili zilikuwa zimenyamaza. Nilitaka kumwambia, sema mara tatu. Sema mara nne, mama, ni nani atakayejua? Mdomo wangu ulifunguka. Naye alinitazama kama aliyesikia.

"Mwezi mzima," alisema. "Mchana na usiku. Mpaka alipokuja mwanamke toka Bagamoyo kumchukua, anasema ni mdogo wake marehemu. Alikuja amefunika uso kwa msiba, hakukaa hata saa moja. Sikupata kujua jina lake, wala alikompeleka."

"Hapana," nilisema.

"Mwanangu..."

"Usiniite hivyo! Nimelibeba! Sikulitua, watu wote wameniona!" Nilisimama, nikajishika ukutani. "Bwana Sheikhan, umesema mbele ya watu!"

"Nimesema," alijibu. Mzee yule, aliyenicheka mbele ya wateja, machozi yalikuwa yanamwingia ndevuni. "Na ningelitimiza, wallahi. Lakini kuna neno kubwa kuliko langu."

Nikarudi kukaa mkekani, nikalitazama gunia kizingitini. Miezi mingapi ya alfajiri, dengu na maziwa, nimejenga mwili huu nyama kwa nyama, ili uje unisaliti mbele ya mlango wake. Ningebaki yule mtu wa mifupa na kikohozi, nisingevua shati mbele ya mtu. Lakini pia nisingempata. Nilitafuta njia ya tatu kichwani, sikuiona.

"Zeina," Bwana Sheikhan aliita. "Toka."

Pazia halikusogea.

"Toka, mwanangu. Vua buibui. Huyu si mgeni kwako. Huyu ni ndugu yako."

Alitoka. Alikuwa na birika lile dogo la shaba mikononi. Alikuwa ameniwekea maziwa ya ushindi. Buibui lilikuwa begani, kichwa wazi, nywele zimesukwa njia mbili. Nikamwona uso. Alikuwa na kovu dogo kidevuni ambalo sikupata kuliweka katika ubeti wowote, na mdomo uliopinda kidogo upande mmoja, kana kwamba hata akilia anataka kukosoa kitu. Alikuwa anafanana na kila kitu nilichowaza, na hakufanana nacho hata kimoja.

Niliruhusiwa kumtazama sasa. Wazazi wake wamesimama pale, hakuna aliyeniambia nishushe macho. Ndilo jambo baya kuliko yote yaliyonipata siku ile.

"Elfu na mia nane na kumi na mbili," alisema.

"Nini?"

"Hatua. Nilimtuma Geeta jana azipime kwa miguu toka Kivukoni. Nilikuhesabia zote, nyuma ya pazia, hata nilipokuwa sikuoni."

"Zeina..."

"Ulisema utazitupa rungu baharini." Alilisogeza birika kifuani. "Asubuhi ulisema. Kahawa na sigara, mpaka ufe."

"Nilikuwa natania."

"Sasa je? Bado unatania?"

Sikuwa natania tena. Nilikuwa nimeshaona njia yote: baraza, moshi, kikohozi, na ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu. Alikiona kitu hicho usoni pangu. Siku zote aliwahi kuniona kabla sijajiona.

Akapiga magoti mbele yangu, akaniwekea birika mikononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. Vidole vyake vilikuwa baridi. Ilikuwa mara ya kwanza kugusana.

"Nilikuwa na kaka mmoja," alisema. "Alikufa kabla sijamwona. Leo nimepata wa pili. Sikumtaka, Mungu anajua sikumtaka awe kaka. Lakini huyu simtaki afe. Niahidi."

"Usinidai hilo leo."

"Leo. Kesho utakuwa umeshawasha sigara. Niahidi, na useme kwa sauti, mama asikie. Amezika mmoja."

Bi Mauza alikuwa bado chini kwenye maji, mkono mdomoni, macho kwangu. Nikayanywa maziwa yale mpaka tone la mwisho, mbele yao wote. Kisha nikaliweka birika chini.

"Naahidi," nilisema, na sauti yangu ikasikika mpaka barazani, kwa maana makuli waliacha kuimba. "Kesho alfajiri utazisikia rungu. Na keshokutwa, na siku utakayoolewa na mtu mwingine, nitafikisha mia mbili kabla sijavaa kanzu ya kuja kusimama na baba yako. Nitakula, nitapumua, sitakohoa. Wewe nihesabie tu... dada."